Sura ya 4: Kontena la Mtaa au Gari la Mlangoni?

Halmashauri ikipungukiwa fedha, taka ni miongoni mwa huduma za kwanza kutazamwa upya. Kuna sababu. Kwa hesabu za Benki ya Dunia zilizochapishwa mwaka 2018, mamlaka za miji katika nchi maskini hutumia kwa wastani karibu asilimia 20 ya bajeti zao kwenye taka. Katika nchi tajiri ni karibu asilimia 4 tu. Pamoja na kutumia sehemu kubwa hivyo, miji ya nchi maskini huzoa chini kidogo ya nusu ya taka zake. Nusu nyingine huchomwa uani, hufukiwa, au hutupwa bondeni na mitaroni.

Diwani anayezijua takwimu hizi huja na pendekezo ambalo wengi huliunga mkono papo hapo: gari lisizunguke tena nyumba kwa nyumba. Liwekwe kontena kubwa kila mtaa, wananchi wapeleke taka wenyewe, na lori lije kulibeba likijaa. Mafuta yatapungua, vibarua watapungua, na fedha zitajenga zahanati.

Pendekezo hilo si la kupuuza, kwa sababu ipo miji iliyolitumia ikafanikiwa. Lakini fedha inayoonekana kuokolewa huwa mara nyingi imehama tu: imetoka kwenye kasma moja ikaingia nyingine, au imetoka kwenye hazina ya halmashauri ikawa mzigo kichwani kwa mama na mtoto. Ili kujua imeokolewa au imehamishwa, tuanze na safari ambazo taka husafiri.

Safari tatu za taka

Safari ya kwanza ni kutoka jikoni hadi mahali pa kukusanyia, iwe ni kontena, kizimba au ghuba la taka. Ya pili ni kutoka hapo hadi dampo. Ya tatu ni ndani ya dampo lenyewe, ambako taka husambazwa, hushindiliwa na kufukiwa. Katika miji yetu mingi, ambako dampo ni uwanja wa wazi usiogharimiwa sana, fedha karibu zote huliwa na safari mbili za kwanza: dizeli, matairi, vipuri, posho za madereva na ujira wa wapakizi.

Mabishano ya kontena na mlango yanahusu safari ya kwanza tu. Kuzoa nyumba kwa nyumba kunamkabidhi safari hiyo mtu anayelipwa. Kontena la mtaa linamkabidhi mwananchi, bila malipo. Hakuna mpango unaoifuta. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, kwa hiyo hata mwananchi akishindwa kuimaliza safari yake, mzigo unarudi palepale halmashauri.

Kontena huokoa wapi

Lori linalopita mlango kwa mlango husimama na kuondoka mara mamia kwa siku, injini ikinguruma huku wapakizi wakisubiri kiroba kimoja kitolewe ndani. Chombo cha gharama kubwa kuliko vyote kinafanya kazi ambayo toroli lingeiweza. Lori la kontena hufika, hunyanyua, huondoka. Saa linazookoa ni fedha halisi, na hapo mtetezi wa kontena ana haki yake.

Ndiyo maana makontena yanafaa penye maghorofa yaliyobanana. Barcelona, kwa mfano, kaya kadhaa huishi mlango mmoja wa ngazi, na hakuna uani wa kuweka pipa la kila kaya. Makontena yamepangwa kando ya barabara, kila aina ya taka na rangi yake, na mkazi hufika kwa hatua chache. Lakini mfumo huo umesimama juu ya nguzo tatu: barabara ambayo gari linafika, umbali mfupi, na ratiba ya kumwaga isiyokatika. Ondoa moja, nyingine haziwezi kuubeba mzigo peke yake.

Hesabu ya mtaa mmoja

Tuchukue mtaa wa kubuni wenye kaya 1,000, kila kaya watu watano. Kwa wastani wa Benki ya Dunia kwa Afrika Kusini mwa Sahara, mtu mmoja huzalisha gramu 460 za taka kwa siku. Mtaa wetu basi unatoa kilo 2,300 kila siku. Taka zetu ni nzito, kwa kuwa nyingi ni maganda, mabaki ya chakula na michanga ya kufagia uwanja. Tukikadiria kilo 350 kwa kila mita ya ujazo, tunapata takriban mita za ujazo 6.6 kwa siku, sawa na 46 kwa wiki.

Kontena la kawaida la kubebwa na lori, tuseme la mita za ujazo 7, linajaa kwa siku moja. Halmashauri ikiliweka moja na kulibeba mara mbili kwa wiki, imebeba mita 14. Mita 32 zilizobaki, karibu asilimia 70 ya taka zote za mtaa, ziko chini, pembeni ya kontena. Wapita njia watawalaumu wakazi kwa uchafu, ilhali kosa liko kwenye ratiba.

Ili kontena lisifurike, lazima lori lije kila siku, au makontena yawe manne na yote yabebwe mara mbili kwa wiki. Lori la aina hii hubeba kontena moja kwa safari. Dampo likiwa umbali wa kilomita 30, kwenda na kurudi ni kilomita 60, na safari saba kwa wiki ni kilomita 420 kwa mtaa mmoja. Tipa la mita za ujazo 14 lingebeba taka hizohizo kwa safari nne, kilomita 240. Kwa hiyo kontena linaloonekana kubana matumizi ndani ya mtaa linaweza kuyaongeza barabarani, na kadiri dampo linavyokuwa mbali ndivyo hasara inavyokua.

Ucheleweshaji una bei nyingine. Katika joto la pwani, yai la inzi wa nyumbani huweza kuwa inzi kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Taka za chakula zikikaa wiki mbili, kontena limekuwa kiwanda cha inzi, na gharama yake italipiwa dirishani hospitali.

Mzigo unapohama

Katika nyumba nyingi, kutupa taka ni kazi ya watoto na wanawake. Mtoto wa miaka minane hawezi kufikia mdomo wa kontena refu, kwa hiyo anamwaga chini, naye hana kosa. Mbwa na kunguru wanamalizia kutawanya. Mama aliye mita mia nne kutoka kontenani, akirudi sokoni jioni, anaona korongo liko karibu zaidi. Katika Dar es Salaam makorongo hayo huingia mito kama Msimbazi, na mvua za masika zikifika, mifuko na chupa huziba makalavati.

Sasa fuata fedha. Kuzibua mtaro hulipiwa kasma ya ujenzi. Kijiko na malori ya kusomba mrundikano hulipiwa fungu la dharura. Dawa hulipiwa kasma ya afya. Kwenye fungu la taka, mweka hazina ataonyesha akiba, na hatakuwa amesema uongo. Ila vitabu vyake havijawekwa pamoja.

Kuna pia suala la mwenyewe. Pipa la nyumbani lina mtu wa kulijibia. Kontena la barabarani hupokea taka za hoteli, za fundi anayebomoa ukuta, na za mtaa wa pili ambao haukupewa kontena. Wenye biashara, ambao wangepaswa kulipa ada kubwa zaidi, wanapata huduma ya bure usiku, na mzigo wao unabebwa na kodi ya wote.

Mlango unapookoa fedha

Italia ilikuwa na makontena ya barabarani karibu kila mji. Capannori, mji wa watu wasiofika 50,000 katika jimbo la Toscana, ulianza kuyaondoa mwaka 2005 na kuzoa mlango kwa mlango, kijiji baada ya kijiji, hadi mwaka 2010 ukawa umefikia eneo lote. Kuzoa kwenyewe kulihitaji watu wengi zaidi. Lakini mkazi aliyekuwa akitupa kila kitu gizani sasa alikabidhi taka zake mbele ya mtu, zikiwa zimetengwa, na taka zilizotengwa zilifika asilimia 82. Kilichokwenda dampo na kwenye tanuri kilipungua, na kwa mwaka 2009 pekee mji uliokoa zaidi ya euro milioni 2.

Tusiinakili hesabu hiyo kwa pupa. Capannori ilipata akiba kwa sababu Ulaya kila tani inayoingia dampo hutozwa fedha nyingi; tani isiyofika huko ni akiba ya moja kwa moja. Kwetu, kumwaga dampo ni rahisi, kwa hiyo akiba ya kutenga taka itatoka kwingine: katika safari ya pili. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni za kuoza. Zikitengwa mlangoni na kugeuzwa mboji au chakula cha mifugo palepale kwenye kata, nusu ya safari za lori hazihitajiki tena. Kontena la pamoja haliwezi kufanya hivyo, kwa kuwa ndizi, betri na nepi vikishachanganyika humo, hakuna anayeweza kuvitenganisha kwa bei nafuu.

Taipei ilichagua njia ya kati. Gari la taka hupita likipiga muziki, kwa saa inayojulikana, na wakazi hutoka na mifuko yao na kuikabidhi wenyewe. Tangu mwaka 2000 hulipia taka kwa kununua mifuko maalumu ya jiji, kwa hiyo anayetupa nyingi hulipa zaidi. Gari halisimami kila mlango, wala hakuna kontena la kufurika barabarani. Kinachoubeba mpango huo ni saa: gari likikosa siku mbili, watu wataacha kusubiri, na mifuko itaanza kulala barabarani.

Somo la Dar es Salaam

Dar es Salaam imejaribu mengi, na historia yake inafaa kusomwa na kila diwani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, na Mahakama Kuu ikawapa haki; dampo hilo lilifungwa mwaka 1991. Taka zikahamia Vingunguti, kisha Mtoni, na tangu mwaka 2007 zinakwenda Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kila uhamisho uliiongezea urefu safari ya pili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, malori mengi yakiwa mabovu, jiji lilizoa chini ya asilimia 5 ya taka zake. Mwaka 1994 kata za katikati ya jiji zilikabidhiwa mkandarasi binafsi aliyetoza ada, na kufikia mwisho wa muongo huo wakandarasi wengine pamoja na vikundi vya wananchi, vingi vya wanawake na vijana, viligawiwa kata nyingine kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Kiasi kilichozolewa kiliongezeka mara kadhaa.

Vikundi hivyo vilifanya kile ambacho lori haliwezi: kuingia uchochoroni. Katika makazi yasiyopimwa, toroli na guta hufika mlangoni, hupeleka taka kwenye kizimba, na lori kubwa hubeba kutoka hapo. Hivyo kila safari inapata chombo chake. Nguvu za mtu hutumika kwenye mita mia chache, dizeli kwenye kilomita 30. Kigali nayo, kampuni na vyama vya ushirika huzoa nyumba kwa nyumba na kaya hulipa ada kila mwezi.

Udhaifu wa mpango huu uko kizimbani. Lori likichelewa, mwenye toroli hana pa kumwaga; kizimba kinafurika, majirani wanakikataa, kaya zinagoma kulipa ada, na kikundi kinakufa. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya halmashauri iende kwenye jambo moja: lori lifike kizimbani siku iliyoahidiwa.

Hukumu

Penye maghorofa na barabara nzuri, kontena la pamoja litumike, mradi limwagwe kabla halijajaa. Penye vichochoro na makazi yaliyobanana, azoe mzoa taka mwenye toroli, alipwe kwa ada, na kontena libaki kuwa lake yeye la kumwagia, si la mtoto wa miaka minane. Penye barabara lakini nyumba zimetawanyika, gari lipite kwa saa yake na watu wapeleke taka wenyewe. Biashara zizolewe kwa mkataba wake tofauti kila mahali.

Na kipimo kiwe kimoja: gharama ya kila tani iliyofika dampo au kwenye mboji, ikijumlishwa na gharama ya kusafisha zile ambazo hazikufika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Halmashauri isiyoandika safari za malori, tani zilizobebwa na fedha za kuzibua mitaro haiwezi kudai kuwa imeokoa chochote.

Wewe msomaji, ukisikia kwenye mkutano wa mtaa kwamba gari halitapita tena na kontena litawekwa, usikatae wala usikubali kabla hujauliza maswali manne: litabeba kiasi gani, litamwagwa siku zipi, liko umbali gani na nyumba ya mwisho, na nani atajibu lisipomwagwa? Taka majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, kisha yafuatilie.