Embe Lililoanguka Lisiachwe Chini

Katika mashamba ya Pwani ya Kenya, mwembe ni mti uliozoeleka sana, hata watu wengi hudhani kwamba haumhitaji mtu. Babu aliupanda, wajukuu hula matunda yake na kupumzika kivulini. Lakini mkulima atakaye maembe mazuri ya kula na kuuza hana budi kuutunza mti wake tangu mche hadi mavuno.

Jambo la kwanza ni kuchagua mche. Mwembe uliooteshwa kwa kokwa huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, wala si hakika kwamba tunda lake litafanana na la mama yake. Mche uliobebeshwa, yaani uliofungiwa kijiti cha mwembe mzuri juu ya shina lake, huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, na tunda lake huwa sawa na la mti uliotoa kijiti. Miche ipandwe mvua zinapoanza, mita 8 hadi 10 kati ya mmoja na mwingine, katika mashimo yaliyotiwa samadi iliyooza.

Adui mkubwa huja wakati wa matunda. Nzi wa matunda hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama, embe huoza na kuanguka. Kisha funza huingia udongoni na kutoka wakiwa nzi wapya. Aina moja ya nzi hao, iliyotoka Asia, iligunduliwa Kenya mwaka 2003, na imewatia wakulima hasara kubwa.

Kwa hiyo, embe lililoanguka lisiachwe chini hata siku moja. Yaokotwe yote na kufukiwa katika shimo lenye kina cha sentimita 60, au yatiwe katika mfuko wa plastiki usiopenya hewa, ufungwe na kuachwa juani mpaka funza wafe.

Kazi hii yafaa ifanywe na majirani wote, kwa kuwa nzi hajui mpaka wa shamba. Mmoja akizembea, wote watapata hasara. Wakishirikiana, embe bichi litatiwa katika mchuzi wa samaki au kufanywa achari, bivu litaliwa na watoto, na yatakayosalia yatapelekwa sokoni.