Dawa kali kuliko Konyagi, mtoto anywe?

Niliionja siku moja mwaka 2019, kwa ubishi wangu tu. Nikatema hapohapo. Ni dawa ya maji, lopinavir na ritonavir, chungu ile ya kung'ang'ania ulimini, halafu ndani yake kuna alkoholi kama asilimia 42. Msomaji, Konyagi yenyewe ni asilimia 35! Sasa hiyo ndiyo aliyokuwa anapewa mtoto wa marehemu dada yangu, asubuhi na jioni, akiwa na miaka miwili.

Mtoto anaishi Kisarawe kwa bibi yake, yaani mama yangu mzazi. Kliniki anahudhuria Kibaha. Utauliza, Kisarawe si kuna hospitali ya wilaya? Ipo, na dawa hizi zilianza kutolewa bure nchini tangu 2004. Ila mama hataki kusikia. "Pale wote wananijua. Nikikaa kwenye lile benchi, jioni mtaa mzima una habari." Basi tarehe ikifika anashuka na mjukuu mpaka Pugu, Gongo la Mboto, anazunguka Mbezi, ndipo apate gari la Kibaha. Mimi nampokea Mailimoja, miguu imemvimba.

Dawa ile ilitaka friji. Ikikaa nje, isizidi nyuzi 25, na ndani ya miezi miwili iwe imekwisha. Kisarawe ya Januari, nyumba haina umeme, nyuzi 25 utazipata wapi? Mama akawa anaizamisha chupa kwenye mtungi wa maji.

Na kumnywesha ilikuwa vita. Mmoja ashike mikono, mwingine abane pua, kijiko kiingie. Mtoto anameza, anatulia kidogo, anatapika yote kwenye kanga. Umpe tena au uache? Mama alikuwa analia naye. Walipopima wingi wa virusi 2021, vilikuwa juu. Nesi akauliza, "Bibi, dawa unampa?" Swali lile lilimuuma mama mpaka leo.

Kwa nini watoto waliachiwa masalia? Biashara, jamani. Ulaya na Marekani ni wachache sana wanaozaliwa na virusi, maana mama zao hutibiwa mapema. Wateja waliobaki ni watoto wa kwetu, na mifuko yetu inajulikana.

Mambo yaligeuka 2020. Dolutegravir ya watoto ikaidhinishwa Marekani: kidonge cha miligramu 10, kinayeyuka kwenye maji, kina ladha ya stroberi, na anaweza kupewa hata mtoto wa wiki nne mwenye kilo tatu. Mwisho wa mwaka huohuo ikatangazwa bei ya nchi maskini: matibabu kutoka zaidi ya dola 400 kwa mtoto kwa mwaka hadi chini ya dola 120.

Kwetu ilifika 2022. Mtoto alikuwa na kilo 15, akaandikiwa vidonge viwili na nusu, mara moja kwa siku, pamoja na abacavir na lamivudine, navyo vya kuyeyusha. Vijiko viwili vya maji safi, koroga, anywe ndani ya nusu saa. Akanywa. Akalamba kikombe! Mama alikaa chini kwenye mkeka, hakusema kitu. Kipimo kilichofuata, virusi havikuonekana.

Februari 2023 mawaziri wa nchi 12 za Afrika walikutana Dar es Salaam wakaahidi kumaliza ukimwi wa watoto ifikapo 2030. Mama aliwasikia redioni. Akaniuliza kama wamegusia na nauli.

Majuzi tulikuwa kliniki. Mizani ikasoma kilo 20, kwa hiyo binti anahamia kidonge cha wakubwa, kile cha miligramu 50, cha kumeza. Amenuna, anataka stroberi yake. Kwenye gari akaniegemea begani.

"Mama mdogo, mbona Bibi anasema hii dawa ya kifua, na mimi sikohoi?"

Nilimnunulia karanga. Mama akageukia dirishani.