Mashariki mwa DRC: uchungu wa kuzaa haungojei vita viishe

Katika vijiji vya Masisi, Rutshuru, Djugu na Fizi, wanawake wanakimbia vita wakiwa na mimba ya miezi minane ao tisa. Kuna wanaojifungulia njiani, shuleni ao ndani ya kanisa, pasipo mkunga, maji safi wala taa.

Hata mbele ya mapigano ya miaka hii, kuzaa kulikuwa hatari nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013-2014 ulihesabu vifo vya akina mama 846 kwa kila watoto 100.000 wanaozaliwa hai. Sababu kubwa zinajulikana: kutokwa damu nyingi kisha kuzaa, shinikizo la damu, maambukizo na uchungu unaokwama. Karibu zote zina matibabu, mradi mama afikiwe kwa wakati.

Wataalamu wa afya ya uzazi wanasema mama anacheleweshwa mara tatu: nyumbani, njiani na hospitalini. Vita vinarefusha kila hatua. Nyumbani, jamaa wanaogopa kutoka usiku. Njiani kuna vizuizi vya wenye silaha. Hospitalini, pengine wauguzi wamekimbia, dawa zimeporwa na damu ya kuongezea haipo.

Mwaka 2025 mambo yalizidi kuwa magumu. Mwezi wa Januari, waasi wa M23 waliingia Goma na uwanja wa ndege, njia kubwa ya kupitishia dawa, ukafungwa. Mwezi huohuo Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, iliyokuwa ikisaidia vituo vingi vya afya.

Serikali ilizindua mpango wa kuzaa bila malipo mjini Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, kisha ikauanzisha katika majimbo mengine. Ni jambo jema, kwani mama asiyeweza kulipa alikuwa akizuiliwa hospitalini na mtoto wake. Lakini kuondoa deni hakufungui barabara.

Kwa hiyo msaada unaofaa ni ule unaomfuata mama pale alipo. Sabuni, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, glovu na plastiki safi vinapunguza maambukizo. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu, inahitaji baridi. Pale pasipo umeme, vidonge vya misoprostoli vinaweza kusaidia, vikitolewa na muuguzi ao mtu aliyefundishwa. Nyumba ya kungojea karibu na hospitali inamwezesha mama wa mbali kufika mbele ya uchungu kuanza. Na pikipiki yenye mafuta, ambayo dereva wake anajulikana na kijiji, inaweza kuokoa watu wawili kwa safari moja.

Wenye silaha nao wana wajibu. Mkataba wa nne wa Geneva wa 1949 unataja wanawake wajawazito kati ya watu wanaopaswa kulindwa kwa namna ya pekee. Kumfungulia mama kizuizi hakuhitaji mazungumzo ya amani.

Kwa jamaa, dalili hizi hazingojei asubuhi: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege, homa kali, chupa kupasuka mapema ao mtoto kuacha kucheza tumboni. Mkubaliane mapema nani atamsindikiza mama, kwa njia gani, na nani atabaki na watoto.