Fahamu: Uji wa kwanza wa mtoto uanze lini?

Miezi sita. Ndivyo linavyoshauri Shirika la Afya Duniani (WHO). Kabla ya hapo maziwa ya mama yanatosha, hata maji hayahitajiki.

Anza na uji wa mchele au ulezi, vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, mzito kiasi cha kutulia kijikoni. Kisha ongeza boga, yai, samaki aliyepondwa bila miiba, maana uji mtupu una madini ya chuma kidogo mno. Asali isubiri mwaka mmoja.

Mnaonunua mahindi na karanga za uji katika soko la Darajani, Zanzibar, tafadhali chambueni zenye ukungu: mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha uji hakuiondoi sumu hiyo.