Arosto haitibiwi kwa kufuli

Familia nyingi zikigundua kijana wao anatumia unga, yaani heroini, humfungia chumbani. Machozi na kamasi vinamtoka, mifupa inamuuma, anaharisha, anatapika, usingizi hauji. Hiyo ndiyo arosto. Baada ya wiki hivi inatulia, na mlango unafunguliwa.

Hapo ndipo hatari kubwa inapoanza. Mwili umeshapoteza usugu wake, lakini kiu ya unga bado ipo. Akirudi kijiweni akatumia kiasi kile kile alichokizoea, heroini inaweza kumkata pumzi kabisa.

Dawa ya methadoni huenda njia nyingine. Nayo ni ya jamii ya afyuni, na hushika vipokezi vile vile vya ubongo vinavyoshikwa na heroini. Tofauti ni kwamba heroini hupanda ghafla na kuisha baada ya saa chache, wakati methadoni hupanda taratibu na kumtuliza mtu kwa takriban saa 24. Wanaosema huko ni kubadili ulevi kwa ulevi wanakosea, tena kosa lao linagharimu maisha. Aliyekuwa akihangaikia kete kutwa nzima sasa anakunywa dozi moja mbele ya mhudumu, kisha anakwenda kutafuta riziki.

Tanzania ilianza tiba hii katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine. Kenya ilianzia hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014. Katika vituo vya umma Tanzania methadoni hutolewa bure, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu za ushauri kwa namba 119.

Dozi huanza ndogo na kupandishwa kidogo kidogo, hivyo siku za mwanzo arosto inaweza kubaki. Daktari aelezwe dawa zote anazotumia mgonjwa. Rifampisini ya kifua kikuu huufanya mwili uiondoe methadoni haraka. Arosto inarudi, na mtu anaacha tiba akidhani imeshindwa, kumbe ni dozi tu ya kurekebishwa. Pombe na vidonge vya usingizi asiviguse, kwani vikichanganyika na methadoni vinaweza kuua.

Kinachowaangusha wengi ni nauli, maana kwa kawaida kituoni huendwa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ndugu wanaotaka kusaidia waanzie hapo: nauli, na mtu wa kumsindikiza miezi ya mwanzo.