Tuliyempandisha, Twaweza Kumteremsha?

Jioni moja hapa Likoni mfereji ulikuwa umekauka siku ya 4, nasi twapanga foleni na mitungi. Jirani yetu akafoka, "Si tuwatoe tu hawa wakubwa! Kura tuliwapa sisi." Mama akamjibu, "Kwa sheria gani, kakangu?" Swali hilo likanikaa kichwani, ikanibidi nitafute jibu.

Jambo lenyewe lina historia. Mwaka 1903 jiji la Los Angeles, Marekani, liliwapa wapiga kura haki ya kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake kwisha. Mwaka 1911 watu wa Seattle walimng'oa kwa kura meya wao, Hiram Gill, aliyeshutumiwa kuachilia kamari na madanguro. Wanawake, waliokuwa wamepata haki ya kura mwaka 1910, walichangia sana. Ajabu ni kuwa mwaka 1914 alichaguliwa tena!

Na sisi Mombasa je? Zamani meya alichaguliwa na madiwani, si raia. Mwaka 2013 mabaraza yakaondoka, tukaanza kumchagua gavana wenyewe. Basi wengi hudhani twaweza pia kumwondoa kwa kura. La hasha! Kifungu cha 104 cha Katiba ya 2010 chataja wabunge. Sheria ya kaunti ya 2012 ikaongeza wawakilishi wa wadi. Gavana hayumo. Yeye huondolewa na bunge la kaunti, thuluthi 2 ya wawakilishi wakikubali, kisha Seneti iamue. Ndivyo alivyoondoka Mike Sonko wa Nairobi, Desemba 2020.

Hata kumwondoa mwakilishi wa wadi si mchezo. Sheria hiyo yataka miezi 24 ipite kwanza, kisha asilimia 30 ya wapiga kura waunge mkono ombi. Tuseme wadi ina wapiga kura 20,000: yatakiwa majina 6,000! Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta baadhi ya masharti kwa kuwa yaliwabana mno raia.

Kwa hivyo, wenzangu, anayeweza kumshika gavana mkono kwa niaba yetu ni yule mwakilishi wa wadi ambaye kura yake twaidharau. Nilimuuliza jirani, "Mjomba, wetu aitwa nani?" Akajikuna kichwa, akabeba mtungi wake, akaenda zake.

Mimi nimekwisha kulijua jina lake. Wewe wa Kisauni, na wewe wa Changamwe, wako walijua?