Mfuko wa Dyutifri Haufuti Kodi

“Nimenunua dyutifri, risiti ninayo, mfuko hata sijaufungua. Sasa nadaiwa ushuru wa nini?”

Mawakala wa forodha wamelijibu swali hili mpaka wamechoka, na kila msimu wa likizo linarudi na msafiri mwingine, mwenye katoni tatu za sigara au chupa nne za wiski, ambaye amekwisha kuamini kwamba kaonewa. Hajaonewa. Alisamehewa kodi na nchi aliyoiacha. Sasa amesimama mbele ya nchi nyingine.

Zamani kutojua huku hakukuwa na hasara kubwa, kwa kuwa ushuru wenyewe ulikuwa mdogo na viwango vya msamaha vilikuwa vya ukarimu. Siku hizi pombe na tumbaku ndiko serikali zinakokimbilia zinapotaka mapato na wagonjwa wachache kwa mpigo mmoja. Falme za Kiarabu zilianza kutoza tumbaku ushuru wa asilimia 100 Oktoba 2017, Oman ikafuata Juni 2019. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zitumie kodi kupandisha bei halisi ya tumbaku, pombe na vinywaji vya sukari kwa angalau asilimia 50 ifikapo 2035. Dubai iliiondoa kodi yake ya asilimia 30 ya pombe tarehe 1 Januari 2023, kisha ikairudisha tarehe 1 Januari 2025. Aliyestarehe huko mwaka 2024 akaipanga safari iliyofuata kwa bei zile zile, alishangaa bili ilipoletwa mezani.

Kupanda kwa bei ya baa, hata hivyo, kila mtu hukuona. Kinachowaumiza watu ni imani yao juu ya lile duka la uwanja wa ndege.

Duka la dyutifri linauza bidhaa za kwenda nje, basi. Mantiki yake haijabadilika tangu Brendan O'Regan alipofungua la kwanza kwenye uwanja wa ndege wa Shannon, Ayalandi, mwaka 1947. Abiria aliye upande wa kuondokea anahesabiwa kuwa ameshatoka. Chupa anayoinunua inahesabiwa kuwa imeuzwa nje. Na bidhaa inayouzwa nje haitozwi ushuru na nchi inakotoka. Nchi inakokwenda haikushirikishwa kwenye biashara hiyo. Haioni kwa nini iisamehe chupa hiyo halafu iitoze ile iliyoletwa na meli ndani ya kontena. Kinachomwokoa msafiri ni kitu tofauti kabisa, yaani kiwango cha msamaha cha nchi anayoingia, na kiwango hicho hakijali kama wiski ilinunuliwa dyutifri, supamaketi, au ilitolewa zawadi na shemeji.

Halafu kuna ule mfuko. Ni wa plastiki ya kuonyesha ndani, una ukingo mwekundu, risiti imelazwa isomeke kwa nje, na mdomo wake umebanwa kwa gundi ambayo ukiibandua tu inaacha alama. Watu wanautunza kama hati ya kiwanja. Hauhusiani na kodi hata chembe. Asili yake ni njama ya Agosti 2006 ya kulipua ndege zilizokuwa zitoke London kwa vilipuzi vya kimiminika, iliyofanya abiria wakatazwe kupita ukaguzini na vimiminika vya zaidi ya mililita 100. Kazi ya mfuko ni kumwambia mkaguzi wa usalama kwamba chupa hii ilinunuliwa ndani ya eneo lililolindwa na haijaguswa. Ndiyo maana anayebadilisha ndege akiwa ameufungua ananyang'anywa chupa ukaguzini. Afisa wa forodha yeye haoni humo zaidi ya orodha ya bidhaa na bei zake, jambo ambalo kwa kweli linamrahisishia hesabu ya anachokudai.

Australia inalifundisha somo hili bila huruma. Mtu mzima anaruhusiwa kuingia na sigara 25 pamoja na pakiti moja iliyokwisha kufunguliwa. Katoni ina 200. Wengi hudhani watalipia zile zilizozidi tu. La! Ukivuka kiwango, msamaha wote unafutika na unalipia kuanzia sigara ya kwanza. Machi 2025 ushuru wa sigara moja kule ulikuwa kama dola 1.40 za Australia. Zidisha mara 200: dola 280, na kodi ya bidhaa na huduma bado haijaongezwa. Katoni iliyonunuliwa Dubai kwa bei ya kujisifia inafika Sydney ikidaiwa zaidi kuliko ilivyonunuliwa. Na yule binamu anayeapa kwamba yeye alipita na katoni nzima asiulizwe kitu huenda anasema kweli, ila alisafiri enzi nyingine: hadi 2012 kiwango kilikuwa sigara 250, kikashushwa hadi 50, na mwaka 2017 hadi 25. Uingereza nayo, kwa anayezidisha sigara 200 au lita nne za pombe kali, inapiga hesabu kwa mzigo wote wa aina hiyo.

Singapore haina msamaha wa tumbaku hata wa sigara moja. Bajeti ya Februari 2023 ilipandisha ushuru kwa asilimia 15 hadi senti 49.1 kwa kila sigara, kwa hiyo pakiti ya 20 peke yake ilidaiwa karibu dola 10 za Singapore kabla ya kodi nyingine. Hong Kong inaruhusu sigara 19. Namba hiyo haijakosewa. Pakiti kamili tayari imevuka mpaka.

Hapo ndipo dawa za mtaani zinapoanza kutolewa. Ya kwanza ni kutupa risiti ili afisa asijue bei. Haisaidii kitu, kwa sababu ushuru wa Australia na Singapore unahesabiwa kwa sigara, wala si kwa bei. Hata ungepewa bure, deni la ushuru ni lile lile. Ya pili ni kuugawa mzigo kwa familia nzima, katoni moja kwa mama na nyingine kwenye begi la kijana wa miaka 15. Kiwango cha pombe na tumbaku ni cha watu wazima. Ulaya kinaanzia miaka 17, Afrika Mashariki 18. Kijana hana kiwango, na sasa mzazi ana swali la ziada la kujibu: kwa nini sigara zimefichwa kwenye begi la mtoto? Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu usiyemjua vizuri anakuomba umvushie chupa mbili kwa kuwa wewe huna mzigo. Mbele ya forodha mwenye mzigo ni aliyeubeba.

Nyumbani nako kuna sheria, ingawa wengi huikumbuka wakishasimama mbele ya meza ya ukaguzi. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, msamaha ni lita moja ya pombe kali au lita mbili za divai, na tumbaku ya kila namna isiyozidi gramu 250 kwa jumla. Wanaotoka Muscat na Dubai hunaswa zaidi na shisha. Tumbaku yake imelowa asali, ni nzito, na boksi moja la gramu 250 limemaliza kiwango chote. Pakiti ya sigara iliyo mfukoni tayari ni ziada. Rwanda hakuna haja ya mizani, maana Desemba 2017 ilipiga marufuku hata kuingiza shisha nchini. Kuhusu msafiri anayerudi Dar es Salaam na katoni ya sigara za dyutifri ya Ulaya akidhani kapata bei, afadhali tunyamaze. Duka la mtaani kwake linauza kwa bei ya chini zaidi.

Kodi hizi huhamisha hata likizo zenyewe. Kwa miaka mingi Wafini walivuka bahari kwa feri ya saa mbili kutoka Helsinki hadi Tallinn, wakirudi na vitoroli vimejaa makreti ya bia, kwa kuwa pombe ya Estonia ilikuwa rahisi mno kuliko ya kwao. Serikali ya Estonia ikaona hapo pana fedha. Mwaka 2017 ikaupandisha ushuru wa bia kwa kishindo. Wafini hawakuacha kunywa. Waliendelea na safari kusini hadi mpakani mwa Latvia, na Waestonia wenyewe wakaenda huko huko, huku maduka makubwa ya pombe yakichipuka upande wa pili wa mpaka. Julai 2019 Estonia ikasalimu amri ikapunguza ushuru kwa asilimia 25. Ndani ya Umoja wa Ulaya uvukaji huo uliwezekana kwa sababu raia hubeba pombe ya matumizi yake bila kutozwa tena mpakani. Mtanzania au Mkenya anayetoka Dubai hana mpaka wa namna hiyo, na anayemshauri “fanya kama Wazungu” hajui anachokisema.

Upo upande mwingine ambao si wa fedha. Uturuki huupandisha ushuru wa pombe mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, na chupa ya raki imekuwa kitu cha kufikiria mara mbili. Mwanzoni mwa 2025 watu zaidi ya 100 walikufa Istanbul na Ankara kwa pombe ya magendo yenye methanoli. Wasomaji wanaoijua gongo na chang'aa hawahitaji maelezo marefu hapa. Kuiwasha moto uone rangi ya mwali hakuthibitishi lolote, kwa kuwa pombe salama nayo hutoa mwali wa buluu, na mchanganyiko wake na methanoli haujulikani kwa macho wala kwa ulimi. Chupa yenye lebo ya kifahari inayouzwa nusu ya bei ya dukani, isiyo na stempu ya kodi, iachwe hapo hapo ilipo.

Sasa ya kufanya. Soma kiwango cha nchi unayoingia kwenye tovuti ya forodha ya nchi hiyo wiki ile unayosafiri, maana hubadilika. Ukizidisha, pita njia nyekundu ujitaje mwenyewe: utalipa ushuru, lakini hutalipa faini. Pale penye duka la dyutifri upande wa kuwasili, kama Dubai na Sydney, nunua hapo, usibebe chupa kupitia nchi tatu. Dubai mwisho ni lita nne. Usiivushe chupa hiyo kwenda Sharjah, ambako pombe ni marufuku. Qatar na Maldives hazimruhusu mgeni aingie na chupa hata moja. Unabadilisha ndege? Usiufungue mfuko, au tia chupa kwenye begi la kukabidhi: pombe ya zaidi ya asilimia 24 hadi 70 isizidi lita tano kwa abiria, na inayopita asilimia 70 haipandi ndege kabisa. Sigara za kielektroniki hubebwa mkononi, hazikabidhiwi, na usiende nazo Singapore, Thailand wala Maldives, ambako kosa lake halimalizwi kwa kulipa ushuru kwa sababu haziruhusiwi kuingia kabisa.